Injini ya Ndege Ndogo Ikizimika Juu ya Boma Lako

Tuanze na kisa kilichotupata wenyewe. Tulikuwa na kikao cha kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, kando ya barabara ya kwenda Isinya, chini ya mgunga. Tulikuwa tumefika kwenye hesabu za mikopo, mahali ambapo kwa kawaida hakuna anayesinzia, mara ndege ndogo ikapita juu yetu. Hilo si jambo geni huku. Lakini ghafla mngurumo ukakatika. Ndege ikawa kimya, ikaanza kushuka, ikazunguka, ikashuka tena mpaka tukayaona magurudumu yake vizuri. Watoto waliokuwa wakicheza wakatimua mbio kuelekea kule kule inakoshukia. Mama mmoja akajifunika uso na leso. Mzee aliyekuwa akichunga mbuzi karibu akasema, "Hiyo imeisha." Halafu, ikiwa bado juu ya vichaka, injini ikanguruma tena, ndege ikapanda ikaenda zake upande wa Nairobi.

Hesabu za mikopo ziliishia hapo siku hiyo. Koko mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi mengi, akatugeukia: "Mwalimu, ninyi ndio mmesoma. Hawa watu wanacheza na nini juu ya vichwa vyetu? Na siku hiyo kitu ikikataa kuwaka tena, sisi tufanye nini?"

Hatukuwa na jibu. Tuliahidi kwenda kuuliza, na tukaenda kwa mwalimu mmoja wa urubani na kwa fundi wa injini za ndege, tukakaa nao tukaandika. Haya ndiyo tuliyorudi nayo kwa Koko, na tumeona tuwape na ninyi nyote mnaokaa Kitengela, Isinya, Kajiado na kwingineko ambako ndege hizi hupita.

Kwanza tuondoe hofu ya siku ile. Injini haikuwa imeharibika. Lilikuwa somo. Mwalimu wa urubani huvuta nyuma mkono wa mafuta bila kumwonya mwanafunzi, injini inabaki ikizunguka polepole kama gari lililosimama, kisha anamwambia, "Haya, injini imekufa, utafanya nini?" Mwanafunzi huchagua mahali, hushuka kana kwamba anatua kweli, na kabla hawajafika chini mwalimu hurudisha nguvu wakapanda. Hakuna anayepewa leseni ya urubani bila kupita somo hilo. Na linafanyiwa kwetu kwa sababu rahisi tu: Uwanja wa Wilson uko karibu, na ukishapita Mbuga ya Nairobi unakutana na nyanda hizi zetu zilizo wazi. Wilson yenyewe ni ya zamani. Ilianza mwaka 1929 na mama mmoja aitwaye Florence Wilson aliyeanzisha kampuni ya ndege, na jina lake ndilo uwanja unalolibeba mpaka leo. Huku kwetu Kajiado kuna uwanja mdogo wa Orly wenye ndege za watu binafsi. Basi tuko chini ya barabara yao, tupende tusipende.

Sasa tuje kwenye siku ambayo si somo.

Watu wengi hudhani ndege ikikosa injini huanguka kama jiwe. Si kweli. Kinachoibeba ndege ni mabawa, na mabawa hubeba kwa sababu hewa inapita juu yake kwa mwendo. Injini kazi yake ni kuleta huo mwendo. Ikizimika, rubani anaweza kuupata mwendo kwa njia nyingine, yaani kwa kushuka. Fikiria kijana aliye kwenye baiskeli juu ya mteremko mnyororo ukakatika. Hasimami hapo hapo. Anateremka vizuri tu, na usukani bado anao, ila hawezi kupanda tena. Au tazama tai anayezunguka juu ya mzoga huko Kaputiei, hapigi mabawa hata mara moja kwa dakika kadhaa.

Ndege aina ya Cessna 172, hizi za viti 4 zinazotumika sana kwa mafunzo, ikishushwa kwa mwendo unaofaa wa kama kilomita 120 kwa saa, huenda mbele karibu mita 9 kwa kila mita moja inayoshuka. Ndiyo kusema ikiwa futi 3,000 juu ya ardhi, karibu mita 900, inaweza kufika kama kilomita 8 kabla ya kugusa chini, ikiwa hakuna upepo wa kuirudisha. Muda wake ni kama dakika 4. Dakika 4 ni chache, lakini si sifuri. Mtu hupika uji hauchemki kwa muda huo, ila rubani aliyefundishwa hufanya mengi.

Jambo la kwanza analofanya si kutafuta shida iko wapi, wala si kupiga simu ya redio. Jambo la kwanza ni kushusha pua ya ndege kidogo ili apate ule mwendo wa 120 na kuushikilia. Mwalimu yule alitusisitizia hili mpaka tukacheka, lakini yeye hakucheka. Alisema wanaokufa wengi hawauawi na injini iliyozimika, bali na kile walichofanya baada ya kuzimika. Mwili wa mtu ukiona ardhi inakuja unataka kuvuta usukani, kuinua pua, kujiepusha. Ukiinua pua bila injini mwendo unapungua. Mwendo ukipungua kupita kiasi, hewa haipiti tena juu ya bawa vizuri, na bawa linaacha kubeba. Hapo sasa ndege ndiyo inaanguka kama jiwe, mara nyingi bawa moja likitangulia, na ikiwa karibu na ardhi hakuna nafasi ya kurekebisha. Kwa hiyo rubani anafundishwa kufanya kinyume cha hofu yake. Anashusha pua kuelekea kule asikotaka kwenda.

Ndiyo maana pia kuna sheria moja wanayoimbiwa marubani wote duniani. Injini ikifa muda mfupi tu baada ya kuruka, usigeuke kurudi uwanjani. Uwanja uko pale nyuma, mpana, una lami, una watu wa zimamoto, na kila kitu ndani yako kinakuambia rudi. Lakini kugeuka kunakula kimo, na bawa lililolala linataka mwendo zaidi ili libebe. Aliye futi 400 juu ya ardhi hana kimo cha kutosha kugeuka. Anatakiwa kwenda mbele, kulia kidogo au kushoto kidogo, na kukubali lile lililo mbele yake, hata kama ni vichaka. Sisi tunaofanya kazi na watu tunaijua hali hiyo. Mtu aliyepatwa na msiba hukimbilia alikotoka hata kama njia imefungwa.

Baada ya mwendo, mahali. Na hapa ndipo habari inatugusa sisi moja kwa moja.

Rubani anatafuta ardhi iliyo wazi, ndefu, ngumu, na ambayo anaweza kutua akielekea upepo. Upepo una maana kubwa kuliko tulivyofikiri. Tuseme ndege inagusa ardhi kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa ikipimwa dhidi ya hewa, na upepo ni wa kilomita 20. Akitua akiuelekea upepo, ardhini anakuwa na kilomita 60. Akitua upepo ukiwa mgongoni, anakuwa na 100. Tofauti ya 60 na 100 inaonekana ndogo, lakini nguvu ya kugonga huenda kwa mwendo mara mwendo. Fanya hesabu utaona ni karibu mara 3. Kwa hiyo rubani akiwa juu anatafuta dalili: moshi wa jikoni, vumbi la ng'ombe, nguo kwenye kamba. Akiwa upande wa Kipeto anaweza kuangalia yale mapangaboi 60 ya umeme wa upepo, maana yenyewe hugeukia upepo unakotoka. Moshi wa mama anayechemsha chai unaweza kumwambia rubani atue akielekea wapi, na mama mwenyewe asijue.

Zamani nyanda zetu zilikuwa karibu uwanja mmoja mkubwa. Tangu mashamba ya vikundi yaanze kugawanywa miaka ya 1980, kila mtu akapata hati yake, na hati ikazaa ua. Leo ukipita kutoka Kitengela kwenda Isinya unaona waya, mawe, nyumba za ghorofa, vibanda vya plastiki vya kukuza maua na nyanya. Hatusemi watu wasiweke ua. Kila mtu ana ng'ombe na mipaka yake. Mambo ya nyumbu na pundamilia kukosa njia kwa sababu ya waya tulishayasema mara nyingi. Tunaongeza tu kwamba na rubani naye yuko kwenye orodha hiyo. Akiwa juu anaona nguzo, waya haoni. Nyaya za stima ndizo mbaya zaidi, hasa zile kubwa zinazoingia na kutoka kituo cha Isinya. Marubani hufundishwa kuangalia nguzo na kudhani kwamba kati ya kila nguzo mbili kuna waya, hata kama macho hayauoni.

Na barabara ya Namanga je? Vijana wa kikundi chetu waliuliza hivyo: kuna lami, kwa nini asitue hapo? Wengine hutua barabarani ikibidi. Lakini barabara ina malori, ina matatu ambayo hayamwachii hata mwendesha baiskeli nafasi, ina nguzo na mabango pembeni, na bawa moja likigusa nguzo ndege inazungushwa. Wengi huona afadhali shamba. Udongo wetu mweusi ukiwa mkavu ni mgumu kama saruji na unafaa, ila mvua ikinyesha gurudumu la mbele huzama na ndege hupinduka. Wanajua, na wakati wa masika hutafuta miinuko yenye mawe madogo na nyasi fupi.

Jambo lililotushangaza ni hili. Si lazima ndege ibaki nzima. Mwalimu alisema, "Ikishazimika, ndege si yangu tena, ni ya bima. Zangu ni roho zilizomo." Kinachoua ni kusimama ghafla. Ndege yenye mwendo wa kilomita 80 ikipewa hata mita 10 au 20 za kusimama polepole, ikikata nyasi na migunga midogo, mabawa yakivunjika kwenye vichaka badala ya mwili kugonga ukuta, watu waliofunga mikanda huweza kutoka kwa miguu yao. Ndege ile ile ikigonga jiwe moja kubwa haina hadithi ya kusimulia. Basi ukiona rubani anaielekeza ndege kwenye vichaka na kuiacha nyumba, usidhani amepotea.

Akishashika mwendo na kuchagua mahali, ndipo anajaribu kuiwasha. Anabadilisha tenki, kwa maana ndege hizi huwa na tenki kila upande na imeshatokea zaidi ya mara moja mtu kushuka na tenki moja imejaa pomoni. Anawasha pampu, anaangalia swichi za plagi, anafungua hewa ya moto ya kabureta. Hiyo ya kabureta ilitushangaza. Petroli ikigeuka mvuke ndani ya kabureta hupoza hewa kwa nyuzi 20 au hata zaidi, na kama hewa ina unyevunyevu barafu hujijenga humo ndani na kuziba njia. Barafu, Kajiado! Lakini inatokea hata nje kukiwa na nyuzi 20 na zaidi, hasa asubuhi za mawingu za Julai au baada ya mvua. Injini huanza kukohoa, halafu inakata. Akivuta mkono wa hewa ya moto mapema, barafu inayeyuka na safari inaendelea.

Fundi naye alitupa lake. Alisema injini kupasuka au kuvunjika chuma ndani hutokea, ila mara nyingi sana shida ni mafuta: yameisha, yana maji, au yamefungwa. Petroli ya ndege hizi hutiwa rangi ya buluu ili isichanganywe na mafuta ya ndege kubwa, na kila asubuhi rubani huchota kidogo kutoka chini ya tenki kwenye kikombe cha kuonea. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini na huonekana. Kisha anapima tenki kwa kijiti, kama dereva wa lori asiyeamini mshale wa dashibodi. Dakika 5 hizo za asubuhi ndizo zinaokoa zile 4 za angani.

Kuna mfano wa mtu wa kwetu, tukimhesabu hivyo. Beryl Markham alizaliwa Uingereza mwaka 1902 lakini alikulia Njoro, akajifunza kurusha ndege hapa Kenya. Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Uingereza kuvuka Atlantiki kwenda magharibi, dhidi ya upepo, zaidi ya saa 20 angani. Karibu na mwisho injini ikakosa mafuta, na inasemekana barafu ilikuwa imeziba matundu ya hewa ya tenki. Mafuta yalikuwepo lakini hayashuki, kama mtungi uliozibwa juu. Alifika pwani ya Nova Scotia huko Kanada na kutua kwenye kinamasi. Ndege ikachimba pua topeni, naye akatoka na jeraha la kichwa, akatembea. Hakufika New York alikokusudia. Alifika ardhini akiwa hai.

Kama injini imekataa kabisa, rubani hutangaza kwa redio neno "Mayday" mara tatu, anasema yuko wapi na wako wangapi. Kisha anafunga mafuta, anazima stima ya ndege ili kusiwe na cheche, na anafungua mlango kidogo kabla ya kugusa chini usije ukajipinda na kukwama. Abiria wanakaza mikanda na kuondoa miwani na kalamu mifukoni. Msomaji ambaye amewahi kubebwa na ndege ya wagonjwa, kama zile za Flying Doctors wa AMREF walioanza mwaka 1957, au kule ng'ambo ya mpaka zile za Flying Medical Service ya Arusha zinazofika kwa ndugu zetu Wamaasai, ajue kwamba maelezo ya mkanda anayopewa si mapambo.

Neno moja kuhusu kimo chetu. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini ya kawaida hupoteza hata sehemu moja ya sita ya nguvu zake, na saa za mchana wa jua kali ni mbaya zaidi. Vilevile mwendo halisi wa ndege ikitua huku ni mkubwa kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ule anaousoma kwenye saa yake. Rubani aliyejifunza Mombasa akija Kajiado ajue shamba alilozoea kule huku ni fupi.

Sasa swali la Koko: sisi tufanye nini?

La kwanza ni la watoto, na tunalisema kwanza kwa sababu tuliliona kwa macho. Watoto hukimbilia ndege. Ndege iliyozimika haina mlio, na rubani akiwa amebakiza mita mia mbili hawezi kupanda tena ili kumkwepa mtoto. Waiteni nyuma. Ndege ikizunguka chini chini juu ya malisho mara mbili tatu, huenda rubani anakagua mahali pa kutua. Sogezeni ng'ombe na mbuzi upande mmoja mkae nao huko huko. Msisimame katikati mkipunga mikono, atadhani mnamkaribisha au mnamfukuza, na hana muda wa kujua lipi.

Ikishatua au kuanguka, mtu mmoja apige 999 au 112, aseme mahali kwa majina yanayojulikana, shule, kanisa, kisima, maana "karibu na mti mkubwa" haimsaidii polisi wa Kajiado. Wengine wasogee kutoka upande upepo unakotoka, ili mvuke wa petroli usiwafuate, na waje kwa nyuma ya bawa, mbali na propela. Propela isiguswe hata kama imesimama kimya. Injini hizi zina kifaa kiitwacho magneto kinachotoa cheche bila betri, na propela ikizungushwa kwa mkono injini inaweza kupiga mara moja, na mara moja inatosha kukata mkono. (Helikopta ni kinyume: mkia ndio hatari, usipite nyuma kabisa. Tunawakumbusha kwa sababu wakati wa kampeni zinatua kwenye kila uwanja wa shule.) Ndege nyingine za kisasa zina mwavuli mkubwa unaorushwa kwa roketi ndogo, ukiona maandishi ya onyo mgongoni mwa ndege, kaa mbali na sehemu hiyo.

Sigara hapana, jiko hapana. Na mtungi wa kukinga mafuta hapana kabisa. Tunajua umaskini ni nini, tunafanya kazi nao kila siku, na hatumcheki mtu anayeona lita 100 za petroli zikimwagika. Lakini Sachang'wan, Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda na ndoo, na zaidi ya watu 100 wakafa kwa moto. Wengi wao walikuwa majirani waliokuja kutoka nyumba za karibu, kama sisi. Petroli ya ndege inawaka vile vile.

Waliomo ndani wakiwa hai na hakuna moto wala harufu kali ya petroli, waacheni walipo, wazungumzisheni, shikeni kichwa kisizunguke, mfunikeni mtu kwa shuka. Uti wa mgongo uliovunjika ukivutwa vibaya humaliza miguu ya mtu maisha yake yote. Kukiwa na moto, hapo sheria inabadilika: toeni upesi. Mkanda ukikwama kateni kwa simi, wazee wetu wanazo. Moto wa petroli haumalizwi kwa maji ya ndoo, tupieni mchanga.

Msidhani hayo ni kazi ya serikali peke yake. Novemba 6, 2022, ndege ya abiria ya Precision Air ilianguka kwenye Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja mvuvi, Majaliwa Jackson, alitumia kasia kusaidia kuufungua mlango wa nyuma. Watu 24 waliokolewa, 19 walifariki. Ile haikuwa injini, na ilikuwa majini, lakini mpangilio ni ule ule. Aliye karibu ndiye hufika.

Baada ya watu kutolewa, msichukue kitu. Kipande cha chuma kilichokwenda nyumbani kwa ajili ya jua kali kinaweza kuwa ndicho kitakachowaonyesha wachunguzi wa ajali za ndege kilichotokea. Machi 5, 2024, ndege ya mafunzo Cessna 172 na ndege ya abiria ziligongana juu ya Mbuga ya Nairobi, na wawili waliokuwa kwenye ile ndogo wakafa. Familia za watu kama hao zinangojea sababu, na sababu hutafutwa kwenye vipande.

Tulirudi kwa kikundi tukayasema haya yote. Koko alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja: "Na ikiwakanyaga mbuzi wangu?"

Tulimwambia ndege huwa na bima kama gari. Andika namba iliyo ubavuni, za Kenya zinaanza na 5Y, nenda polisi upate namba ya OB, mwite chifu ashuhudie mizoga kabla ya kuiondoa, na piga picha kwa simu ya mjukuu. Akatikisa kichwa, akamwita mjukuu wake, akamwambia aandike 5Y ukutani ndani ya nyumba, pale karibu na kalenda.